Neno abricot katika Kifaransa: jibu kwa mfasiri wa Bujumbura

Msomaji mmoja aliyeko Bujumbura, ambaye anafasiri kitabu cha mapishi ya Kifaransa kwa Kiswahili pamoja na makala kadhaa za safari, ameuliza hivi: "Neno abricot linanisumbua. Kamusi inasema ni tunda la aprikoti, basi. Lakini mwandishi wa mapishi ananiambia niifanyie pai ya matufaha kitendo kinachoitwa abricoter, ilhali ndani ya pai hiyo hamna aprikoti hata moja. Makala ya Martinique inaeleza abricot lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Tangazo lingine linauza mbwa abricot, na duka la nguo limeandika robes abricot bila kuweka alama ya wingi. Je, hili ni neno moja au ni maneno kadhaa yaliyofanana? Na nifasiri vipi?"

Ndugu msomaji, ni neno moja. Maana zote ulizokutana nazo zimechipuka katika tunda lile lile dogo la rangi ya manjano inayoelekea wekundu, ila kila maana imechukua sifa moja ya tunda hilo na kuziacha nyingine. Mpishi amechukua mng'aro wa jamu yake. Mfugaji wa mbwa na mwuza nguo wamechukua rangi. Na watu wa visiwa vya Karibi wamechukua nyama yake ya ndani, wakalipa jina hilo tunda ambalo halina undugu wowote nalo. Kwa hiyo kila unapolikuta neno hili, jiulize kwanza anayeandika ni nani, yuko wapi, na ni sifa gani ya tunda anayoikusudia. Kamusi ndogo haiwezi kukufanyia kazi hiyo, kwa sababu inatoa maana ya kwanza na kunyamaza.

Nianze na asili ya neno, maana inaondoa utata fulani unaowapata hasa wafasiri wanaojua Kiarabu. Warumi wa karne ya kwanza waliliita tunda hili kwa neno la Kilatini praecox, yaani linalowahi kuiva, kwa kuwa huiva mapema kuliko pichi. Plinio Mkubwa, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba matunda hayo ya mapema yaivayo wakati wa kiangazi yalikuwa yamejulikana kwa muda usiozidi miaka 30 tu, na kwamba mwanzoni kila moja liliuzwa kwa dinari nzima. Tabibu wa Kigiriki Dioskoride, aliyeishi katika karne hiyo hiyo, aliyaita matufaha ya Armenia na kueleza kwamba Warumi huyaita praikokia. Neno hilo la Kilatini lilipitia Kigiriki likaingia Kiarabu kwa umbo la barquq, kisha Waarabu wa Andalusia wakalirudisha Ulaya likiwa limevaa kiambishi chao, al-barquq. Wahispania wakasema albaricoque, Wareno albricoque, Wakatalani albercoc, na katika karne ya 16 Wafaransa wakawa na abricot. Kiambishi al kilimezwa ndani ya neno, herufi l ikadondoka, na a ikabaki. Sisi tumefanya jambo hilo hilo kwa alfajiri, alasiri na Alhamisi, ambamo al ya Kiarabu imekuwa sehemu ya neno na hakuna anayeiona tena kuwa kiambishi.

Sasa utata wenyewe ni huu. Mtu anayejua Kiarabu cha Mashariki akiambiwa kwamba abricot limetokana na barquq, atakimbilia kulifasiri kuwa plamu, kwa sababu huko barquq ni plamu na aprikoti huitwa mishmish. Hata Moroko, ambako barquq hupikwa pamoja na nyama kwenye chungu cha tajini, tunda linalokusudiwa ni plamu, aghalabu iliyokaushwa. Maana ya neno imehama ndani ya Kiarabu chenyewe, na Kifaransa kimeshika maana iliyokuwa ikitumika Andalusia. Wasomaji wetu walioko Oman, ambako aprikoti hupandwa kwenye matuta ya Jabal Akhdar, wanalijua tunda hili kwa jina la mishmish, na wengi waliofunga Ramadhani katika nchi za Ghuba wanakijua kinywaji cha qamar al-din, kinachotengenezwa kwa kulowesha karatasi nene ya aprikoti zilizopondwa na kukaushwa juani, utamaduni unaohusishwa sana na Dameski. Ukikuta pâte d'abricot katika makala ya Kifaransa kuhusu futari ya Syria, kitu hicho ndicho kinachozungumzwa. Usikifasiri kuwa jamu.

Jina la kisayansi nalo lisikupotoshe. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliliita Prunus armeniaca mwaka 1753 kwa kufuata mapokeo yale ya Wagiriki, lakini miti ya mwituni na kilimo cha kale zaidi vipo mashariki zaidi, katika milima ya Asia ya Kati na nchini China. Armenia ilikuwa kituo cha njiani kabla ya tunda kufika Roma. Hata hivyo Waarmenia wamelishika kama lao, na maandishi ya Kifaransa kuhusu Armenia yamejaa neno hili. Duduk, zumari lao lenye sauti nzito, huchongwa kwa mti wa aprikoti, kwa hiyo bois d'abricotier katika makala ya muziki ni mbao, wala si ladha wala rangi. Tamasha la filamu la Yerevan lililoanza mwaka 2004 huitwa kwa Kifaransa Abricot d'or, yaani Aprikoti ya Dhahabu.

Nije jikoni, ambako ndiko penye kazi yako kubwa. Kitenzi abricoter ni istilahi ya waokaji wa keki na pai, na maana yake ni kupaka juu ya kitu safu nyembamba ya jamu ya aprikoti iliyochujwa. Chukua pai yako ya matufaha. Imetoka kwenye joko, vipande vya matufaha vimepangwa kwa duara, kingo zake zimekauka na kuingia weusi kidogo, na sura yake imefifia. Mpishi huweka jamu ya aprikoti katika sufuria ndogo pamoja na maji kidogo, huipasha moto hadi ilainike na kutiririka, huipitisha kwenye chujio ili maganda na vipande vibaki juu, kisha huipaka kwa brashi ingali moto, kwa mkono mwepesi, bila kuburuta vipande vya matufaha. Ikipoa huganda na kuwa utando mwembamba unaong'aa. Pai ile iliyoonekana imechoka sasa inaonekana kama iliyotoka dukani, na matufaha hayataendelea kukauka wala kubadilika rangi kwa haraka.

Kwa nini aprikoti, wakati Ufaransa ina jamu za matunda chungu nzima? Aprikoti ina pektini ya kutosha, yaani ile dutu inayogandisha jamu, hivyo jamu yake huganda vizuri hata ikipakwa nyembamba. Ina uchachu unaokata utamu wa sukari. Rangi yake ni dhahabu nyepesi, kwa hiyo hufunika bila kuficha kilicho chini. Na ladha yake ni pole kiasi kwamba haigombani na tufaha, peasi wala lozi. Ndiyo maana wauzaji wa bidhaa za waokaji wana kitu kinachoitwa nappage blond, ambacho kwa asili ni mchanganyiko wa kung'arisha uliotokana na aprikoti, na kingine kiitwacho nappage rouge, ambacho hutokana na matunda mekundu na hutumika juu ya stroberi na matunda ya jamii hiyo. Kazi ya pili ya kitendo hiki haionekani kabisa kwa mlaji: keki hupakwa jamu ya aprikoti kabla ya kumwagiwa chokoleti au sukari ya kupambia, ili makombo yasichanganyike na mapambo na ili keki isinyonye unyevu wake. Keki mashuhuri ya chokoleti ya Vienna, Sachertorte, ambayo habari zake huanzia mwaka 1832, ina safu ya jamu hiyo chini ya chokoleti, na kitabu cha Kifaransa kikiieleza hakitakosa kutumia kitenzi hiki.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni kwamba abricoter usilifasiri hata siku moja kuwa kutia aprikoti. Andika "paka jamu ya aprikoti iliyochujwa", na mara ya kwanza ongeza "ili pai ing'ae" au "ili kuziba makombo", kulingana na hatua inayofuata. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa atie aprikoti kwenye pai ya matufaha ataenda kuzitafuta sokoni, na akizikosa ataiacha pai yenyewe.

Kivumishi abricoté kina mtego wake. Pai au keki iliyo abricoté imepakwa jamu. Lakini divai yenye goût abricoté, kama zile nyeupe za Condrieu zinazotokana na zabibu za Viognier, haijatiwa aprikoti wala jamu. Ina harufu na ladha inayoikumbusha aprikoti. Katika vitabu vya zamani utakutana pia na un abricoté likiwa nomino, maana yake kipande cha aprikoti kilichozungushiwa sukari, namna ya peremende. Angalia basi kama neno limefuata jina la kitu kilichookwa, jina la kinywaji, au limesimama peke yake na kitambulishi chake, yaani neno dogo kama un au les.

Mtego mwingine, na huu nimeona umewanasa watu wenye Kifaransa kizuri kabisa, ni oreillons d'abricots. Neno les oreillons likisimama peke yake ni ugonjwa wa matumbwitumbwi. Jikoni, oreillon ni nusu ya aprikoti iliyopasuliwa na kutolewa kokwa, na hasa zile nusu zinazouzwa zikiwa ndani ya kopo la shira. Fasiri "nusu za aprikoti", na kama mapishi yanataja kopo, sema "za kopo", kwa sababu kiasi cha sukari kitategemea hilo.

Vilevile uwe mwangalifu na abricots moelleux. Moelleux ni laini, na mfasiri mwenye haraka atafikiri ni aprikoti mbichi zilizoiva hadi kulainika. Dukani Ufaransa, maneno hayo juu ya pakiti humaanisha aprikoti zilizokaushwa kisha zikarudishiwa unyevu kiasi ili zitafunike bila kuloweshwa. Abricots secs ni zile kavu zenyewe, ambazo mara nyingi huhitaji kuloweshwa kabla ya kupikwa. Nyingi kati ya hizo hutoka Uturuki, na hasa Malatya, mkoa ambao jina la aprikoti zake limesajiliwa na kulindwa na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2017. Zile zenye rangi kali ya machungwa zimefukizwa kwa moshi wa salfa ili zisibadilike rangi. Zisizofukizwa huwa na rangi ya kahawia na ladha inayokaribia ya karameli. Mwandishi akiandika non soufrés, anakuambia hizo za kahawia, na mpishi asishtuke akiona mchuzi wake umekolea weusi.

Kuhusu kokwa, naomba uwe makini kuliko mahali pengine popote katika kitabu hicho, kwa kuwa hapa kosa la tafsiri linaweza kumdhuru mtu. Ndani ya kokwa ngumu ya aprikoti mna kiini kinachofanana na lozi, na vitabu vya Kifaransa hukiita amande. Neno hilo hilo ndilo jina la lozi za kawaida. Wapishi wengi wa jamu nchini Ufaransa hutia viini vichache katika kila chupa kwa ajili ya harufu, baada ya kuvichovya kwenye maji yanayochemka na kuvimenya. Kiini hicho kina kemikali ya amigdalini, ambayo ikisagwa au kutafunwa huzalisha sianidi. Mwaka 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa tahadhari kwamba mtu mzima akila zaidi ya viini vibichi vitatu vidogo kwa mara moja anaweza kuvuka kiwango salama, na kwamba kwa mtoto mdogo hata kiini kimoja kidogo kinaweza kukivuka. Kwa hiyo amande d'abricot iwe "kiini cha kokwa ya aprikoti", isiwe "lozi ya aprikoti" kamwe, na idadi iliyoandikwa na mwandishi usiibadilishe wala kuizungusha. Ningekuwa mfasiri, ningeongeza tanbihi fupi ya tahadhari hata kama kitabu cha asili hakina.

Viini hivyo vina matumizi mengine ambayo utayakuta nje ya jiko. Huko Poissy, karibu na Paris, hutengenezwa kileo kitamu kiitwacho Noyau de Poissy kutokana na viini vya aprikoti. Mafuta yake, huile de noyau d'abricot, hutumika katika vipodozi vya ngozi, na ganda gumu la kokwa likisagwa huwa chembechembe za kusugulia uso na mwili. Kwenye lebo ya kipodozi, basi, abricot kwa kawaida ni mafuta au ni ganda lililosagwa, na nyama ya tunda haihusiki.

Kwa upande wa vileo kuna jina moja ambalo si ruhusa kulifasiri. Abricotine ni pombe kali inayokenekwa kwa aprikoti katika jimbo la Valais nchini Uswisi, na jina hilo limelindwa kisheria huko tangu mwaka 2003. Sharti lake ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya matunda yake iwe ya aina ya Luizet, aina iliyopatikana katika karne ya 19 huko Écully, karibu na Lyon, kisha ikapata makao yake ya kudumu upande wa Uswisi. Liache jina kama lilivyo na ueleze mara moja kuwa ni pombe kali ya aprikoti. Vivyo hivyo na majina ya aina za matunda utakayoyaona kwenye mapishi au makala za masoko: Bergeron, ambayo ndiyo fahari ya wakulima wa bonde la Rhône, Orangé de Provence, na Rouge du Roussillon, ambayo mashavu yake yana madoa mekundu. Hayo ni majina ya aina, kama tunavyosema embe dodo au embe bolibo, na rouge hapo haikuambii kwamba tunda zima ni jekundu.

Mpangilio wa maneno katika majina ya muungano nao una uzito wake. Abricot-pêche ni aprikoti: ni aina ya zamani yenye tunda kubwa, ikihusishwa na mji wa Nancy. Pêche-abricot ni pichi: ni pichi yenye nyama ya manjano. Kifaransa, sawa na Kiswahili, hutanguliza jina la kitu chenyewe na kufuatisha sifa, kwa hiyo soma neno la kwanza ujue umeshika tunda gani, kisha la pili likuambie linafanana na nini.

Sasa twende Martinique. Tunda lililokushangaza kwa ukubwa huitwa huko abricot-pays, yaani aprikoti ya nchini, na kitabu cha mimea kitaliita abricot des Antilles au abricot de Saint-Domingue. Kisayansi ni Mammea americana, mti mkubwa wa kitropiki wenye majani mazito yanayong'aa, usio na uhusiano na Prunus. Tunda lake lina kipenyo cha sentimita 10 hadi 20, ganda nene la kahawia linalokwaruza mkononi, utando mweupe mchungu chini ya ganda ambao lazima ukwanguliwe, na nyama ya rangi ya machungwa inayoizunguka kokwa moja hadi nne kubwa. Wafaransa waliofika visiwani waliona rangi ile na kuonja ladha ile, wakalipa tunda jina la kwao walilolikumbuka. Wenyeji wa leo wakitaka aprikoti ya Ulaya ndiyo wanaolazimika kuongeza maneno ya kufafanua. Maua ya mti huo hutumika kutengeneza kileo kiitwacho eau de créole, na hapo tena hakuna aprikoti ya Ufaransa inayohusika.

Haiti nako tunda hilo huitwa zabriko kwa Kikrioli. Herufi z ya mwanzo ni mabaki ya les abricots, sauti ya kiunganishi kati ya kitambulishi na nomino iliyoganda ikawa sehemu ya neno; ndugu zetu wa Komoro wamefanya jambo linalokaribiana na hilo waliposema likoli kutokana na l'école. Neno hili, kwa hiyo, limewahi kumeza kitambulishi mara mbili katika maisha yake, mara moja cha Kiarabu na mara moja cha Kifaransa, na mimi binafsi sijui neno jingine la tunda lenye historia nzuri kama hiyo. Katika jimbo la Grand'Anse, kusini-magharibi mwa Haiti, kuna mji wa pwani uitwao Abricots. Ukikuta aux Abricots kwa herufi kubwa katika makala ya huko, ni mahali.

Ziko abricot nyingine za kupanga. Abricot de singe, aprikoti ya nyani, ni jina litumikalo Guyana ya Kifaransa kwa tunda la mti wa Couroupita, tunda la duara gumu kama risasi ya mzinga ambalo likioza hutoa harufu mbaya. Usilipeleke kwenye sahani. Abricotier du Japon ni Prunus mume, jamaa wa kweli wa aprikoti, ambaye matunda yake machachu Wajapani huyatia chumvi. Na hapa karibu na kwako, katika misitu ya Kongo, kuna Mammea africana, ndugu wa lile tunda la Martinique, ambalo maandishi ya Kifaransa huliita abricotier d'Afrique. Kwenye biashara ya mbao huitwa oboto. Mtu akikuandikia ripoti ya msitu na kutaja abricotiers, fikiria mti huo kabla ya kufikiria bustani za Provence, kwa sababu aprikoti halisi inahitaji majira ya baridi ili ichanue na haistawi katika joto la nyanda za chini za ikweta.

Baridi hiyo hiyo inahusika pia katika habari moja utakayoikuta mara kwa mara katika magazeti ya Ufaransa. Mti huu hutoa maua mapema mno, kabla baridi haijaisha kabisa, hivyo usiku mmoja wa jalidi wakati wa machipuko unaweza kuondoa mavuno ya mwaka mzima. Mwanzoni mwa Aprili 2021 jalidi kali liliunguza bustani za matunda katika sehemu kubwa ya Ufaransa, na wakulima wa aprikoti wa bonde la Rhône walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Ukisoma année sans abricots, yaani mwaka usio na aprikoti, mwandishi hasemi kwa mafumbo.

Rangi ni jambo fupi lakini lina kanuni yake. Jina la kitu likitumika kama rangi katika Kifaransa, kwa kawaida halipokei alama ya jinsi wala ya wingi: des robes abricot (magauni ya rangi ya aprikoti), des rideaux orange (mapazia ya rangi ya chungwa), des yeux marron (macho ya kahawia). Majina machache tu, kama rose na mauve, yamekubaliwa kuwa vivumishi kamili na hupokea s. Mwuza nguo wako hakukosea. Rangi yenyewe ni hafifu kuliko ya chungwa na ina wekundu kidogo ndani yake, na kwa Kiswahili "rangi ya aprikoti" inatosha ikiwa msomaji amekwisha kulijua tunda. Vinginevyo sema "rangi ya chungwa iliyofifia". Kwa mbwa, abricot ni rangi rasmi ya manyoya ya caniche, wale mbwa wenye manyoya ya kujisokota. Kanuni za kimataifa za wafugaji huielezea kuwa hudhurungi inayoelekea rangi ya chungwa na kuitofautisha na nyekundu. Tangazo lako lilikuwa linauza mbwa wa rangi hiyo, na bei hutegemea hapo.

Kuna matumizi moja zaidi ninayoyataja kwa sababu mfasiri hana haki ya kutoyajua. Katika lugha ya mitaani na katika baadhi ya riwaya, abricot hutajwa kwa maana ya utupu wa mwanamke. Mazingira ya sentensi hayafichi maana hiyo, na katika kitabu cha mapishi hutaikuta. Katika riwaya, tumia tafsida ya Kiswahili inayolingana na heshima au utovu wa heshima wa msemaji, kwani tunda lenyewe halibebi maana hiyo kwetu.

Mbali na hilo, misemo haitakusumbua. Kifaransa kinasema avoir la pêche kwa mtu mwenye nguvu na uchangamfu, na pour des prunes kwa kazi ya bure, lakini abricot halijazaa msemo maarufu wa namna hiyo. Wamisri ndio wenye msemo: ukiambiwa jambo litafanyika fil-mishmish, wakati wa aprikoti, ujue halitafanyika, kwa kuwa msimu wake hupita kabla hujauona.

Kwa kitabu chako, nakushauri utumie aprikoti katika ngeli ya I-ZI, aprikoti hii na aprikoti hizi, na "mti wa aprikoti" kwa abricotier. Mara ya kwanza eleza tunda kwa sentensi moja, pamoja na ukubwa wake, ambao unakaribia wa ndimu kubwa. Jamu ya aprikoti usiibadilishe kuwa jamu ya embe ndani ya matini; kama unaona msomaji wa Bujumbura au Kigoma hataipata dukani, weka tanbihi inayosema kwamba jamu yoyote ya rangi nyepesi, ikipashwa moto na kuchujwa, itang'arisha pai, na kwamba jeli ya mapera huganda vizuri lakini itaipa pai wekundu. Na katika ile makala ya Martinique liache jina abricot-pays kwa herufi za mlazo, ulifafanue kwa maneno "tunda kubwa la Karibi lenye nyama ya rangi ya machungwa", na usiliite aprikoti mahali popote katika makala hiyo.